Maji ya Kisima cha Barabarani

Jambo ambalo Likwata hakuling'amua kwa kiangazi kizima cha mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tatu ni kwamba Bibi Biasha hakuwa akimtania. Mengine yote yaliyohusu lori aliyaona. Alijua mkanda wa feni unalegea kabla haujaanza kulia; alijua kwa unyayo wake, hata bila kutazama, kama breki zimeingiwa na vumbi. Lakini maneno ya yule mama wa Kiranjeranje aliyasikia mara kumi au zaidi, na kila mara alicheka, akapanda garini, akaenda zake.

Alikuwa dereva wa Bwana Ismaili, mfanyabiashara wa Kilwa Kivinje aliyenunua korosho na ufuta vijijini. Udereva alijifunza jeshini wakati wa vita, chini ya sajini mkali aliyewafundisha kanuni za kutunza gari katika nchi ya joto kwa kuwakaririsha, kama watoto wa chuoni wakaririshwavyo aya. Vita vilikwisha, sare akairudisha, lakini kanuni zile zilibaki kichwani mwake kwa mpangilio wake, na alikuwa akizisoma kimoyomoyo anapozunguka lori kulikagua.

Mara mbili kwa wiki alikwenda Kiranjeranje, akalala huko, akarudi kesho yake na shehena. Alitoka Kivinje kabla ya jua kuchomoza, ili sehemu kubwa ya njia aimalize hewa ingali na ubaridi. Upepo wa matairi aliupima alfajiri, kamwe si adhuhuri, kwa kuwa mchana tairi huvimba kwa joto na anayelipima saa hiyo hudanganyika. Juu ya pampu ya petroli alifunga kipande cha gunia, akakilowesha kila waliposimama, petroli isije ikageuka mvuke ndani ya bomba lake na kulikatia gari pumzi. Na alipoegesha, aliyafunika matairi kwa makuti upande wa jua.

"Umeyafunika vizuri," Eusebio alimwambia siku moja. "Sasa bado kuyaimbia yalale."

Eusebio alikuwa utingo wake, mtu wa makamo mzaliwa wa Kipatimu, mwenye rozari shingoni na mdomo usiopumzika. Alikuwa Mmatumbi, na Likwata alikuwa Mmwera, na makabila hayo ni watani. Kwa watu wa pwani ile neno hilo si dogo. Mtani humsema mtani wake mbele za watu, humvua kofia akaivaa yeye, na msibani hushuka kaburini akalala humo, akakataa kutoka mpaka apewe chochote. Anayekasirika ndiye mwenye makosa. Kwa hiyo mtu mwenye mtani hujifunza mapema kuyapokea maneno yake yote kwa namna moja tu: hucheka, hurudisha la kwake, na hayapeleki moyoni.

Bibi Biasha naye alikuwa Mmatumbi. Aliolewa Kiranjeranje akiwa msichana, akafiwa na mume, na sasa aliishi na mkaza mwanawe, Esha, katika nyumba iliyokuwa kando ya barabara, mahali hasa ambapo lori lilizoea kuegeshwa. Mwaka uliotangulia, Likwata alipomwomba maji ya rejeta, lile tangi la mbele la kupozea injini, mama huyo alikuwa akichukua debe, akamwita Esha, wakapotea nyuma ya nyumba karibu saa nzima. Na hali kisima kilikuwapo, hatua thelathini kutoka barabarani, kimezungushiwa mawe, maji yake yamekaa tuli na kung'aa kama kioo. Likwata alikaa juani akikitazama kisima hicho na kumsubiri. Alihukumu kwamba huo nao ni utani: Mmatumbi anamwanika Mmwera apate kukauka vizuri.

Basi safari ya kwanza ya Oktoba mwaka ule hakuomba. Alifika, akachukua debe lake, akaenda kisimani mwenyewe.

"Shikamoo, Bibi," alisema alipomwona Bibi Biasha akitokea mlangoni, kanga begani.

"Marahaba, Mmwera mla panya. Unatafuta nini hapo? Panya hawakai majini."

"Nachota maji. Mwaka jana nilikusubiri mpaka ndevu zikaota mvi."

"Hayo ni ya kufulia. Sisi wenyewe hatuyanywi. Linyweshe gari lako hayo, uone. Litaota mawe tumboni kama birika langu."

Eusebio alipiga kofi bodi la lori kwa furaha. Likwata aliinua debe, akajibu bila kugeuka: "Ninyi Wamatumbi, watu wa mapangoni, kila kitu kwenu ni mawe."

"Haya. Likifa, nitakuja kulala kaburini mwake. Na sitoki kwa kuku mmoja!"

Wakacheka wote watatu, na Esha ndani ya nyumba akacheka pia. Maji yalikuwa maangavu, hayana tope wala jani. Likwata aliyachuja kwa kitambaa kama alivyofundishwa, akayatia. Yeye mwenyewe hakuwa na haja ya kuyanywa. Kibuyu chake alikuwa akikijaza Kivinje kila alfajiri.

Tangu siku hiyo maneno yale yakawa salamu yao. Bibi Biasha aliuliza, "Mawe bado?" na Likwata alijibu, "Yamefika magotini, yanapanda." Joto likazidi. Novemba iliingia bila wingu hata moja. Mikorosho ilidondosha matunda, na harufu yake tamu iliyochacha ilitanda barabarani. Lori lilikunywa madebe mawili pale ambapo zamani lilitosheka na moja.

Lilichemka kwa mara ya kwanza katika mlima ulio upande wa kaskazini wa Kiranjeranje, ule ambao madereva waliuita Kata Pumzi. Likwata alizima injini, akaweka gogo nyuma ya gurudumu, akangoja. Hakugusa kizibo cha rejeta mpaka mvuke ulipokwisha, wala hakumwaga maji baridi juu ya chuma cha moto. Alifanya kila kitu kama ipasavyo, na wakafika Kivinje jioni badala ya adhuhuri. Safari iliyofuata lilichemka tena, mahali pale pale.

Bwana Ismaili hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alikuwa na desturi moja: kila lori liliporudi, dereva alimkabidhi ufunguo mkononi, naye akautundika msumarini nyuma ya kiti chake, na alfajiri ya safari akautoa tena. Jioni hiyo ya pili aliushika kwa muda kabla ya kuutundika.

"Likwata," alisema, "mimi injini siijui. Wewe ndiye uijuaye, na ndiyo sababu nilikuajiri. Mara moja ni ajali. Mara mbili naanza kujiuliza. Likichemka mara ya tatu kabla mvua hazijafunga barabara, ufunguo huu nitampa Petro. Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa, Bwana."

"Safari ya Alhamisi utanikuta Kiranjeranje. Nakwenda kwa basi kupima korosho, nitarudi nawe. Ufunguo wa alfajiri hiyo utaukuta nyumbani kwangu."

Siku tatu zilizofuata Likwata alilifungua lori kama mtu atafutaye pete iliyopotea. Alibadili mkanda wa feni. Alibadili oili. Alizitoa plagi, akazisafisha, akazirudisha. Alipuliza vumbi na mabawa ya wadudu kutoka katika matundu ya mbele ya rejeta mpaka mwanga ukapita. Kila kitu kilikuwa kama kinavyotakiwa, na hilo ndilo lililomtia hofu. Udereva ndio uliokuwa jina lake. Kwao bara ya Lindi watu walimwita Dereva hata msikitini. Mama yake aliitwa Mama Dereva. Kumwona Petro, kijana mwema asiyejua kusikiliza injini, akikalia kiti kile, kungekuwa kama kumwona mtu mwingine amevaa kanzu yake huku yeye amesimama hapo hapo.

Alhamisi walifika Kiranjeranje saa saba mchana, na lori lilikuwa tupu; hata hivyo mvuke ulikuwa ukifoka pembeni mwa kizibo. Halikuwa limesimama njiani. Lakini Likwata alijua kwamba gari linalotoa mvuke likiwa tupu haliwezi kuupanda Kata Pumzi likiwa limebeba magunia. Bwana Ismaili alikuwa upande wa pili wa kijiji, nyumbani kwa mwenyeji wake, naye angetoka alfajiri.

Likwata aliketi kivulini mwa lori. Hata makuti hakuyashusha.

"Mawe bado?" Bibi Biasha aliuliza kutoka barazani.

Eusebio alimjibia Likwata: "Leo yamefika shingoni, Bibi. Andaa mkeka wa kulalia kaburini."

Mama huyo akaja, akicheka, akijifunga kanga kiunoni kama mtu anayejiandaa kuomboleza kwa vituko. Alilizunguka lori, akafika mbele, na boneti lilikuwa wazi. Kicheko chake kikakatika. Alikuwa akitazama shingo ya rejeta, palipokuwa na ukoko mweupe umekauka kuzunguka kizibo, na michirizi yake chini, kama chokaa iliyomwagika.

"Hiki kitu kilianza lini?" aliuliza.

"Ni maji yaliyokauka tu, Bibi."

"Nimekuuliza kilianza lini, mwanangu."

Likwata akainua macho. Kwa miaka miwili hakuwa amepata kuitwa na mama huyu kwa neno lolote lisilo la utani. Neno "mwanangu" lilimwingia kama maji ya baridi mgongoni. Akasimama.

"Esha!" Bibi Biasha aliita. "Niletee birika lile bovu."

Birika lililetwa. Aliliinamisha juani ili Likwata aone ndani, na ndani kulikuwa na ganda jeupe lenye unene wa kucha, limeshika pande zote, na mdomo wake umezibika hata unyasi usingepita.

"Mkaza mwanangu huyu alipokuja hapa kwa mara ya kwanza hakuambiwa. Mwezi mmoja alichemshia humu maji ya kisima cha barabarani. Tazama. Maji yale yametoka kwenye mawe, na yakipata moto yanarudi kuwa mawe. Nilikwambia."

"Uliniambia kwa utani."

"Ningekwambiaje? Wewe ni mtani wangu. Ningeanza kukuambia kwa adabu, ungedhani nimeugua."

Eusebio alikuwa amevua kofia yake. "Nami nilicheka," alisema polepole. "Mmatumbi mzima, nilicheka."

Likwata alikwenda kisimani. Alichota kwa kiganja, akanywa. Maji yalikuwa mazito ulimini, yenye chumvi kidogo na ladha ya chokaa, na yalimkwaruza koo yalipopita. Akiwa bado ameinama pale aliisikia sauti ya sajini wake, wazi kama jana, ikisoma kanuni ya nne: maji ya kutia katika rejeta ni yale ambayo dereva mwenyewe angekunywa. Kanuni hiyo alikuwa akiisoma kila alipozunguka lori. Aliisoma kwa ukamilifu, na kibuyu chake cha maji ya Kivinje kilikuwa kikining'inia ubavuni mwake wakati huo huo.

"Mwaka jana," alisema aliporudi, "yale maji uliyokuwa ukinipa uliyatoa wapi?"

"Chemchemini, bondeni. Kwani wewe ulidhani tunakwenda wapi na Esha, kusuka nywele?" Utani ulikuwa umerudi kidogo katika sauti yake. "Mgeni akiomba maji kwangu hapewi ya kufulia. Kama mgeni mwenyewe ni gari, ni hivyo hivyo."

Esha akauliza, akilielekezea birika kidole: "Na lile jingine, Mama, si tulilisafisha kwa ukwaju?"

Wote wakamtazama.

Walifanya kazi alasiri yote. Esha na Bibi Biasha waliloweka ukwaju katika sufuria mbili kubwa, wakaukamua, wakauchuja mara tatu kwa kaniki safi mpaka hakukubaki hata uzi. Likwata, lori lilipokwisha kupoa, alifungua koki ya chini ya rejeta. Maji yaliyotoka yalikuwa meupe kama tui. Akafunga, akamimina maji ya ukwaju, akaiwasha injini na kuiacha iungurume taratibu. Hakuwa na uhakika. Kanuni zake zote hazikutaja ukwaju. Alisikiliza, mkono wake juu ya bomba la mpira la chini, akingoja kuona kama joto litapita. Mwanzoni bomba lilikuwa baridi, na hiyo ilikuwa dalili ya kuziba. Baada ya muda likawa vuguvugu. Kisha likawa la moto.

Alipofungua tena koki, kilichotoka kilikuwa cha rangi ya udongo, na ndani yake vilishuka vipande vyembamba vyeupe, vikigonga debe kimoja kimoja. Bibi Biasha aliokota kimoja akakiweka kiganjani mwa Likwata.

"Jiwe la kwanza," alisema. "Mtoto wa kiume."

Wakajaza ukwaju mara ya pili, wauache ndani mpaka alfajiri. Sasa yalihitajika maji ya kusuuzia na ya safari. Likwata alichukua madebe mawili na mti wa kubebea, Eusebio akachukua mengine mawili, na Esha akawatangulia kuwaonyesha njia.

Njia ilipita nyuma ya nyumba, ikakata mashamba ya mihogo, ikashuka bonde lenye mawe yaliyoteleza. Chemchemi yenyewe ilikuwa ndogo. Maji yalijikusanya polepole katika shimo lenye upana wa ungo, na mtu alilazimika kuchota kwa kata, kungoja, na kuchota tena. Kurudi kulikuwa kupanda tupu. Mti ulimkata Likwata begani, maji yalimchupia miguuni, na katikati ya kilima alilazimika kuyaweka chini madebe yake apumue. Esha alikuwa mbele, debe kichwani, hajaguswa na tone. Likwata alihesabu kimoyomoyo mara ambazo mwaka jana alikuwa ameomba maji, akaacha kuhesabu alipofika kumi na nne.

"Kaka," Eusebio alisema nyuma yake akihema, "kumbe hii ndiyo saa nzima yako."

"Ndiyo hii."

Walikwenda tena mara moja kabla ya jua kuzama.

Alfajiri walimwaga ukwaju, wakasuuza mara tatu, wakajaza maji ya chemchemi. Magunia yalipakiwa. Bwana Ismaili alifika na bakora yake, akasalimia, akaketi mbele kati ya dereva na mlango. Eusebio alipanda juu ya shehena.

Hawakwenda mbali kabla Bwana Ismaili hajaanza kunusa. "Likwata, gari lako leo linanuka mchuzi."

"Ni ukwaju, Bwana. Nitakueleza tukifika."

Mlima Kata Pumzi ulitokea mbele yao, mwekundu, jua limekwisha kuushika. Likwata alishusha gia mapema, asiilazimishe injini. Lori likaanza kupanda na uzito wake wote. Alikuwa akiisikiliza injini kwa mwili mzima. Pale lilipochemka mara mbili palikuwa na mti uliochanwa gome. Mara zote mbili alisimama karibu nao. Mti ulikuja, ukawa ubavuni, ukabaki nyuma. Bwana Ismaili alikuwa akieleza habari za mizani ya mwenyeji wake, na Likwata aliitikia "Naam" bila kujua anachokiitikia. Kileleni alisimama, akashuka, akaweka kiganja karibu na kizibo. Hapakuwa na mvuke. Alilowesha gunia la pampu, akarudi kitini, wakateremka.

Walifika Kivinje saa sita. Bwana Ismaili aliketi katika kiti chake, na Likwata akamkabidhi ufunguo kama desturi. Kisha akamweleza yote: kisima, birika, utani, na kwamba kosa halikuwa la gari. "Niliambiwa tangu Oktoba," alisema. "Nilicheka tu."

Bwana Ismaili aliuzungusha ufunguo vidoleni. Likwata aliutazama msumari nyuma ya kiti.

"Ungeweza kuniambia ni rejeta kuukuu," Bwana Ismaili alisema. "Ningekuamini. Mimi injini siijui." Akaurudisha ufunguo mkononi mwa Likwata. "Basi kaa nao wewe. Nimechoka kuamshwa alfajiri."

Mvua zilifunga barabara katikati ya Desemba, baada ya safari nne, na katika safari hizo zote lori halikuchemka. Tangu mwaka ule Likwata hakutia maji yoyote katika rejeta bila kuyaonja kwanza, na kila alipofika Kiranjeranje alikwenda chemchemini mwenyewe, akajaza madebe ya lori, na baada yake akajaza mtungi wa Bibi Biasha.